Viza ya Udhamini na Mshahara: Hasara Hasa Iko Wapi?

Anayetafuta kazi ughaibuni kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri huambiwa mambo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema atalipwa kiduchu kwa kuwa mwajiri anajua hana pa kwenda. Wapo wanaosema sheria inamlinda, maana kima cha chini kimewekwa. Ukizichungulia taratibu za Marekani na Uingereza utaona kila upande una lake la kweli, ila wote wanabishania mshahara wa mwezi wa kwanza, ambao sio unaoumiza zaidi.

Kwa viza ya H-1B ya Marekani, ile ya wafanyakazi wa kazi za kitaalamu, mwajiri hutakiwa kulipa kilicho kikubwa kati ya viwili: anachowalipa wengine wenye kazi na sifa kama hizo, au mshahara wa soko wa eneo hilo. Kinga nzuri, mpaka usome jinsi mshahara wa soko unavyopangwa. Una madaraja manne. La kwanza limewekwa pale ambapo takriban asilimia 17 tu ya wafanyakazi wa kazi hiyo hulipwa chini yake, la pili asilimia 34, na la tatu ndilo linalofika katikati, asilimia 50. Mwajiri akiiandika kazi yako daraja la pili, anaweza kukulipa chini ya wengi wanaofanya kazi hiyo eneo hilo bila kuvunja sheria yoyote. Daraja hilo limo kwenye LCA, fomu ambayo mwajiri huipeleka wizara ya kazi, na ni lazima upewe nakala yake kufikia siku ya kuripoti kazini. Usingoje siku hiyo. Iombe kabla ya kusaini.

Uingereza mambo ni kinyume. Tangu Julai 2025 kima cha kawaida cha viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi ikiwa na kiwango chake kilicho juu zaidi, hicho ndicho hufuatwa. Hapo huwezi kupunjwa kirahisi. Lakini mwajiri mwenye bajeti ya pauni 36,000 hatakuongezea 5,700 kwa sababu anakupenda. Atamchukua asiyehitaji viza. Nafuu ipo kwa wanaoanza kazi, ambao kima chao ni pauni 33,400, ila ni ya muda. Aliyeajiriwa kwa kima hicho aulize mapema kama mshahara utapanda kabla nafuu haijaisha, la sivyo viza haitahuishwa.

Mlango wenyewe ndio mwembamba. Swali la fomu ya maombi, "sasa au baadaye utahitaji udhamini?", huwaondoa wengi kabla wasifu haujasomwa. Si chuki tu. Nafasi za H-1B ni 85,000 kwa mwaka, bahati nasibu huchezwa Machi na kazi huanza Oktoba. Kampuni ndogo haiwezi kungoja miezi saba. Septemba 2025 ukaongezwa mzigo wa dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Vyuo vikuu havibanwi na kikomo cha nafasi 85,000, ndiyo maana wengi huanzia huko, ingawa mishahara yake kwa kawaida ni midogo.

Sasa tuje kwenye hasara yenyewe. Mshahara hupanda zaidi mtu anapohama kazi, au anapoweza kutishia kuhama. Madai kwamba mwenye H-1B amefungwa yametiwa chumvi: mwajiri mpya akishawasilisha maombi, unaweza kuanza kazi kwake, na bahati nasibu hairudiwi kwa aliyekwisha kuipita. Ila ukipoteza kazi una siku 60 tu, na anayehesabu siku hukubali ofa ya kwanza, hata iwe ya chini.

Kinachofunga kweli ni safari ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mwajiri akianza hatua ya PERM, ya kuthibitisha kwamba hakupatikana Mmarekani wa kazi hiyo, kisha I-140, ombi lake la wewe kupewa ukaazi, kuhama katikati ni kuanza upya. Kwa aliyezaliwa India foleni inaweza kupita miaka kumi, kwa kuwa kwa kawaida hakuna nchi inayopewa zaidi ya asilimia 7 ya viza za ukaazi huo kwa mwaka. Kinachoangaliwa ni nchi ya kuzaliwa, si pasipoti. Lakini I-140 ikiidhinishwa, tarehe yako ya foleni hubaki yako hata mwajiri akiliondoa ombi, na siku 180 zikishapita ombi lenyewe halifutwi kwa sababu tu ameliondoa. Ongezeko la mshahara liombe baada ya hapo, si mwezi mmoja kabla.