Acheni kuiharamisha E415 kwa orodha

Imerudi tena ile orodha ya namba za E (namba za viungio vya vyakula vya viwandani) "zenye nguruwe", inazunguka kwenye simu na agizo la kumfikishia kila Muislamu. Safari hii E415 imepangwa pamoja na jelatini, bila hoja wala ushahidi. Inaniuma. Kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu si uchamungu. Sura ya An-Nahl, aya ya 116, inakataza ndimi zetu kutamka kwa uongo kwamba hiki halali na hiki haramu.

E415 ni gamu ya zanthani, unga wa kufanya vyakula kama sosi viwe vizito, na haitoki kwenye mwili wa mnyama yeyote. Bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, yuleyule anayeozesha majani ya kabichi shambani, hukuzwa kwenye tangi la maji ya sukari, joto likiwa nyuzi 28 hadi 30. Anakula sukari na kutoa ute mzito. Ute hupashwa moto ili bakteria wafe, humwagiwa alkoholi ili ujitenge na maji, kisha hukamuliwa, hukaushwa na kusagwa. Sosi huhitaji gramu 1 hadi 5 tu za unga huo kwa kilo.

Wengi hushtuka wakisikia alkoholi. Inayotumika kwa kawaida ni isopropanoli, kemikali ya kiwandani ambayo hakuna anayeitengeneza iwe kinywaji, na nyingi huondoka wakati wa kukausha. Kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu mabaki yazidi miligramu 500 kwa kilo ya unga. Piga hesabu: sosi yenye gramu 3 za unga kwa kilo haitazidi miligramu 1.5. Hadithi inasema kinacholevya kwa wingi, kidogo chake pia ni haramu. Haya, nani atalewa kwa sosi hii hata akila kilo nzima?

Swali zito ni jingine, na orodha hailigusi kabisa: bakteria alilishwa nini? Sukari peke yake haimtoshi, anahitaji na naitrojeni. Inaweza kutoka kwenye soya, hamira, maji yaliyolowekewa mahindi, au peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa. Peptoni ya nyama yaweza kuwa ya nguruwe au ya mnyama asiyechinjwa kisharia. Hata ya maziwa huweza kuvunjwavunjwa kwa vimeng'enya (vichochezi vinavyomeng'enya chakula) vya kongosho la nguruwe. Wapo wanavyuoni wanaoona istihala, yaani kitu kugeuka kuwa kitu kingine kabisa, imeshalimaliza jambo hilo, wapo wasioridhika nayo. Kwa hiyo, shingo upande, nakubali kwamba mwenye shaka ana haki ya kuuliza. Ila amuulize mtengenezaji hivi: naitrojeni ya lishe ya bakteria imetoka wapi, na vimeng'enya vimetoka kwenye nini? Akijibiwa "ni ya mimea" asitosheke, maana sukari yaweza kuwa ya mahindi na peptoni isiwe. Cheti cha halali nacho kitaje bidhaa hiyo na kiwanda hicho, na kiwe hakijaisha muda.

Jelatini ina kesi yake: ni ngozi na mifupa, na ya nguruwe imejaa sokoni. Anayeikwepa asidhani zanthani itamgandishia jeli. Inafanya kimiminika kiwe kizito tu, haikigandishi. Atumie agaa ya mwani, gramu 10 hivi kwa lita, aichemshe mpaka iyeyuke yote, la sivyo itabaki chembechembe na jeli haitashika vizuri.

Na kama kuna namba inayostahili kuulizwa kabla ya E415, ni E471, kiungio kinachosaidia mafuta na maji vichanganyike. Hiyo hutengenezwa kwa mafuta, ya mmea au ya mnyama, na namba ni ileile.