Risiti ya pauni 3

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli Lubumbashi, Kongo, na mpaka leo chini ya kitanda chake huko Katuba kuna boksi la biskuti lililojaa karatasi. Hati za mshahara, risiti za umeme, karatasi za shule yetu sote, hazitupi. Tulipokuwa watoto tulimwona kama mtu anayehifadhi takataka. Mwaka huu tabia yake iliniokoa nikiwa Leeds, Uingereza, mbele ya hakimu.

Niliegesha gari nyuma ya maduka, nikalipa pauni 3 kwenye mashine na kubonyeza namba ya gari langu. Namba hiyo ina sifuri. Mimi nilibonyeza herufi O. Kwenye vibao vya magari vya Uingereza sifuri na O zina umbo moja. Kamera ya mlangoni ilisoma namba moja, mashine ikahifadhi nyingine, na kompyuta ikaamua kwamba sikulipa. Barua ya kampuni inayosimamia maegesho ikaja: pauni 100, au 60 nikilipa ndani ya siku 14.

Niliwatumia picha ya risiti, iliyokuwa bado kwenye mlango wa gari. Wakakataa. Zikafuata barua za wakusanya madeni, maandishi mekundu, na deni likapanda hadi 170. Ndugu zetu wa hapa karibu wote walinipa shauri moja: lipa, usicheze na wazungu. Ninawaelewa. Kwetu, mtu akikuletea karatasi yenye nembo, tayari ana nguvu juu yako. Lakini kampuni ile si polisi na barua yake si faini ya serikali. Ni mfanyabiashara anayedai kwamba ulivunja mapatano naye. Jina na anwani yako ameviomba kwa idara inayosajili magari na kuvilipia pauni 2.50. Tangu 2012 haruhusiwi hata kufunga gurudumu lako kwenye eneo la binafsi, si England wala Wales. Akitaka kukulazimisha, lazima aende mahakamani, na huko yeye ndiye wa kuthibitisha.

Walikwenda. Bahasha ya mahakama ilitoka Northampton, na humo deni lilikuwa 255: zile 170, ada ya mahakama 35 na ya wakili 50. Nilikaa nayo mezani usiku mzima, tumbo limenikaza. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotea. Barua za wakusanya madeni unaweza kuziweka pembeni, hii huwezi. Ikishakufikia una siku 14 za kujibu, na ukiiarifu mahakama kwamba umeipokea na utajitetea, zinakuwa 28. Ukinyamaza, unahukumiwa bila kusikilizwa. Usipolipa ndani ya mwezi, hukumu inakaa kwenye rekodi yako miaka 6, na kila utakapoomba nyumba ya kupanga au mkopo wataiona. Nawajua watu waliofika hapo kwa pauni 60, kwa sababu tu waliogopa kufungua bahasha.

Niliandika utetezi wangu kwa maneno ya kawaida. Kabla ya kusikilizwa kuna mazungumzo ya simu na mpatanishi wa mahakama, ambayo tangu 2024 ni ya lazima kwa madai madogo kama haya. Kampuni ilisema itapokea 120. Nikakataa.

Siku yenyewe nilitegemea majoho na kelele. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza. Kampuni ilimtuma wakili, mimi nilikuwa peke yangu na faili langu. Hakimu alisoma risiti, akamuuliza wakili kama siku ile, saa ile, mashine ilipokea pauni 3 za gari lingine lolote lenye namba inayofanana na yangu. Hakuwa na jibu. Dai likatupwa, na nikarudishiwa nauli na ujira wa siku niliyokosa kazini, ambao sheria inaruhusu hadi pauni 95.

Si kila mtu anashinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba dereva mmoja aliyepitisha muda kwenye maegesho ya Chelmsford alipaswa kulipa pauni 85. Kama kweli hukulipa na vibao vilionekana wazi, bora ulipe mapema.

Sasa nisemee nyumbani. Mdogo wangu anaendesha teksi kati ya Kenya, komini moja ya Lubumbashi, na mjini. Polisi wa roulage, yaani wa barabarani, akimsimamisha, anafungua mlango, anakaa kando yake na kushika makaratasi ya gari. Wanazungumza. Mwisho zinatoka franka elfu ishirini bila karatasi yoyote. Nilipomwambia adai risiti, alinijibu: "Yaya, huku ukiomba risiti banakuuliza, weye ni avoka?" Yaani wakili.

Kuna wanaosema Ulaya watu ni waaminifu kuliko sisi. Siamini. Kampuni ile ilikuwa na picha ya risiti yangu mkononi na bado ilitaka pesa yangu; tamaa ni ileile. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa nilijua mapema bei ya kesi, siku za kujibu, na kwamba hakimu hatanidai kitu. Sheria kwetu haikosekani. Katiba ya 2006 inasema kila hukumu iandikwe, itolewe sababu, isomwe hadharani. Mahakama ya amani ipo Lubumbashi. Ila dereva wa teksi hawezi kupoteza siku 3 za kazi akiulizia dirisha gani linapokea karatasi na kwa bei gani, na hilo linaniuma kuliko rushwa yenyewe.

Nakiri pia, kwa mdogo wangu angalau kuna mtu wa kuongea naye. Mimi miezi 14 sikumwona mtu, kamera na barua tu.

Nilipompigia baba, aliuliza kwanza: "Na ule zuzi, ulimupatia ngapi?" Zuzi ni hakimu. Nikamwambia, hata senti. Alinyamaza. Akaniomba nimtumie hukumu, ile ya karatasi, si picha.

Jumamosi mama mmoja wa kanisani alikuja kwangu na bahasha tatu ambazo hajazifungua. Tulianza na ile ya Northampton, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku 6.