Keris Iliyopotea Stoo

Kuna watu wakiambiwa kisu cha kale kina mwenyewe asiyeonekana, hucheka, kisha huomba waelezwe habari za chuma tu. Siwalaumu. Lakini kwa keris, lile jambia la Java na nchi za Wamalay, anayetupa ngano ametupa nusu ya kitu chenyewe. Ushahidi wangu wa kwanza hautoki hata Java, unatoka Uholanzi.

Diponegoro, mwana wa mfalme huko Java, alipigana na Waholanzi kuanzia 1825 hadi 1830, akakamatwa katika mji wa Magelang alikoitwa kwa mazungumzo. Keris yake ilipelekwa kwa Mfalme Willem I mwaka 1831. Raden Saleh, mchoraji wa Kijawa aliyeishi Ulaya, aliandika habari zake kwenye karatasi na kuitaja kwa jina: Kyai Naga Siluman. Kyai ni heshima wanayopewa masheikh na wazee. Keris yenye cheo nayo hupewa. Basi, mkusanyiko wa mfalme ukaja kuvunjwa, vitu vikagawiwa makumbusho, karatasi zikashika njia yake na chuma njia yake. Keris ya mtu aliyewatoa jasho Waholanzi miaka mitano ikawa imelala stoo Leiden katikati ya keris nyingine, haina wa kuiita. Ilihitaji utafiti wa miaka mingi kabla ya kurudishwa Indonesia Machi 2020, Mfalme Willem-Alexander alipozuru huko.

Na hata ilipofika, wajuzi wa Java waliinua nyusi. Naga, yaani joka, aliyechongwa kwenye chuma kile anaonekana mwili mzima, walisema, na naga wa siluman, kiumbe cha kichawi kisichoonekana, hutazamiwa awe amejificha, kichwa tu kikijitokeza. Sitaki kuamua ugomvi huo. Ninachokiona ni kwamba swali lenyewe lisingeweza kuulizwa na mtu anayejua chuma peke yake.

Ngano kubwa kuliko zote ni ya Mpu Gandring. Ken Arok, jambazi mwenye ndoto za ufalme, alimwagiza mhunzi huyo keris na kumpa miezi mitano. Mhunzi akaomba mwaka. Muda ulipofika Ken Arok akarudi, akamkuta bado anasugua chuma, akaikwapua keris na kumchoma nayo. Akiwa anakata roho, Gandring aliapiza kwamba keris ile itaua wafalme saba, na Ken Arok mwenyewe hatasalimika. Ken Arok akamuua Tunggul Ametung, mtawala wa Tumapel, akamwoa mjane wake Ken Dedes, akasimamisha ufalme wa Singhasari mwaka 1222. Miaka mitano baadaye aliuawa kwa keris ileile, kwa amri ya Anusapati, mtoto wa Tunggul Ametung.

Wengi huisimulia kama hadithi ya laana. Mimi naisoma kama sheria ya kazi. Chuma na nikeli hukunjwa na kupondwa tena na tena mpaka michirizi ya pamor itokeze, na hakuna mteja, hata akiwa mfalme, mwenye haki ya kumharakisha fundi. Ukiandika sheria hiyo ukutani, watu wataipita. Ukiiweka ndani ya damu ya wafalme saba, itadumu karne nane.

Jamasan, yaani kuoshwa kwa keris, ni hivyohivyo. Hufanywa mwezi wa Suro, ambao ndio Muharram, Mfungo Nne wetu. Kuna maua, kuna ubani, kuna dua. Humohumo kuna maji ya nazi na ndimu za kuondoa kutu, kuna aseniki inayokifanya chuma kuwa cheusi huku nikeli ikibaki inang'aa, na mwisho mafuta mazuri. Mwenye imani anamhudumia mkubwa wake wa ukoo. Chuma nacho kinanusurika na unyevu wa kitropiki. Sioni sababu ya kuwatenganisha wawili hawa.

Najua wa kwetu watauliza: si shirki hiyo? Wajawa wengi ni Waislamu, na wameulizana swali hilo wenyewe kwa muda mrefu. Wengine wameuza keris za babu zao ili walale kwa amani. Wengine hujibu kwa ngano nyingine, ya Sunan Giri, mmoja wa mawalii tisa walioeneza Uislamu Java: majeshi ya ufalme wa Majapahit yalipomjia akiwa anaandika, alitupa kalamu yake, ikageuka keris na kuwafukuza. Bwana harusi wa Java huchomeka keris mgongoni na kuivisha koja la asumini, na harusi ikaendelea, kama jambia linavyokaa kiunoni mwa bwana harusi wa Unguja bila mtu kuitisha fatwa.

Hasira yangu naiwekea wauzaji. Hao ndio wanaomwambia mtalii kwamba keris ikichomolewa lazima ionje damu kabla ya kurudi alani, au wanaochukua chuma cha juzi, wakakichakaza kwa tindikali na kukipa jini la miaka mia tano. Pamor ya udan mas, mvua ya dhahabu, huaminiwa kuleta mali, basi ghafla kila kibanda kina udan mas. Dawa yake ni kuijua mila vizuri zaidi. Anayejua kwamba mikunjo ya keris, luk, huhesabiwa na lazima itoke witiri, atashtuka akiuziwa yenye mikunjo kumi.

UNESCO iliitangaza keris kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na chuo cha sanaa cha Surakarta sasa kinafundisha uhunzi wake hadi shahada. Ningekuwa mtunga mitihani wao, swali la kwanza lingekuwa juu ya Mpu Gandring, na mtahiniwa angepewa muda wa kutosha.