Wenyeji Asilia wa Kanada na Ajira za Migodini: Nani Anamwacha Mwenzake?

Waajiri wengi wa Kanada wana lalamiko moja kuhusu wafanyakazi wenyeji asilia: kuwapata ni tabu, na ukiwapata hawakai. Mtu anaajiriwa mgodini, anafundishwa usalama kazini, anakatiwa tiketi ya ndege, anapewa kitanda kambini, kisha baada ya zamu tatu nne harudi. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake na sitalipuuza. Ila limezoeleka mno. Mhamiaji kutoka Goma au Mombasa anayeanza kazi Fort McMurray, mji wa mafuta huko Alberta, anaweza kulipokea kama lilivyo na kulirudia, bila kuuliza kazi yenyewe imepangwa vipi, na aliyeipanga alikuwa akimfikiria nani.

Haja ya kuwaajiri haina mjadala. Sensa ya 2021 iliwahesabu wenyeji asilia 1,807,250, yaani asilimia 5 ya watu wote: Mataifa ya Kwanza, Wametis (wenye asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu) na Wainuit (watu wa Aktiki). Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 33.6, wakati wa Wakanada wengine ulikuwa 41.8. Mafundi wa migodi na ujenzi wanastaafu, na vijana wapo, tena mara nyingi wanaishi karibu na madini kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya usawa katika ajira, inayowabana waajiri walio chini ya serikali kuu, imewataja wenyeji asilia tangu 1986. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji asilia, katika mwito wake wa 92, ilizitaka kampuni zitoe nafasi sawa za kazi na mafunzo, na ziwafundishe mameneja wake historia ya watu hao. Nia imeandikwa siku nyingi.

Kabla ya kukubali kwamba hawakai kazini, tuwatazame Wamohawk, taifa mojawapo la wenyeji asilia, wa kijiji cha Kahnawake, ng'ambo ya mto kutoka Montreal. Mwaka 1886 reli ya Canadian Pacific ilitaka kujenga daraja juu ya mto St. Lawrence, na mguu mmoja wa daraja ulipaswa kutua kwenye ardhi yao. Ardhi ikatolewa, na pamoja nayo ajira. Waliajiriwa kama vibarua wa chini, lakini hawakukawia kupanda juu ya chuma na kujifunza kazi ya kuunganisha vyuma angani. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec likaanguka likiwa bado linajengwa. Wafanyakazi 75 walikufa, na 33 kati yao walikuwa wa Kahnawake, kijiji kimoja tu. Baada ya msiba kama huo mtu angetegemea kazi ile iachwe. Haikuachwa. Watu wa Kahnawake walikwenda hadi New York, wakawa miongoni mwa waliosimamisha Empire State Building, na kazi hiyo imerithishwa vizazi na vizazi.

Nini kiliwaweka? Mjomba alimwingiza mpwa kazini. Genge lilikuwa la ndugu na majirani, na aliyekuwa akikuamuru huko juu ulimfahamu tangu utotoni. Chama cha wafanyakazi kililinda ujira. Tena Ijumaa jioni walipanda magari kutoka New York, wakaendesha usiku kucha kurudi nyumbani, na Jumapili wakaondoka tena. Safari ndefu, kazi ya hatari, ugenini. Yote yanayotajwa leo kuwa sababu za watu kuacha kazi yalikuwapo. Ila waliokuwa wakipanga siku zao na watu wao walikuwa wao wenyewe.

Sasa tuje kwenye mlango wa kazi wa leo. Chukua kijana wa miaka 19 katika jamii ya kaskazini kabisa mwa Ontario, mahali ambapo barabara ni ya barafu, ya miezi michache ya baridi, na muda uliobaki ni ndege tu. Tangazo la kazi linadai leseni ya udereva, cheti cha darasa la 12, rekodi safi ya polisi na kipimo cha dawa za kulevya. Leseni ya Ontario hutolewa kwa hatua, na kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili hupita miezi 12, au 8 ukisoma shule ya udereva. Katika muda huo unahitaji gari, dereva mzoefu wa kukaa kando yako, na nauli ya ndege ya kuufuata mtihani mjini. Kwa kijana wa Toronto hilo ni jambo la wikiendi chache na baba yake. Kwa huyu wa kaskazini ni maelfu ya dola, kabla hajaandika hata barua ya maombi.

Cheti cha darasa la 12 kina uzito zaidi. Jamii nyingi za huko hazina shule ya sekondari kamili. Mtoto wa miaka 13 au 14 hufunga begi akaenda kupanga katika nyumba za watu Thunder Bay. Kati ya 2000 na 2011, wanafunzi 7 wa Mataifa ya Kwanza walifia katika mji huo wakiwa mbali na wazazi wao, na uchunguzi rasmi wa vifo hivyo ulisikilizwa mwaka 2015 na 2016. Mzazi anayekataa kumpeleka mwanawe huko ana sababu. Halafu cheti hichohicho kinadaiwa kwa mtu anayeomba kufagia karakana. Kampuni zinazosema haziwapati watu zingeanza kwa kupitia matangazo yake mstari kwa mstari, na kufuta kila sharti ambalo kazi yenyewe hailihitaji.

Upande wa waajiri nao usikilizwe. Mtambo wa kusaga mawe hauzimwi kwa sababu ni msimu wa kuwinda bata bukini. Dereva wa lori la tani 200 lazima apimwe, na wenzake wana haki ya kudai apimwe. Kumfikisha mtu ngazi ya fundi kamili wa mitambo mizito huchukua kama miaka minne ya uanagenzi, na mgodi wenyewe huenda ukadumu miaka 15 au 20. Mkandarasi mdogo aliyepata zabuni ya kiangazi kimoja hana muda wala fedha za kuwa chuo. Wapo pia wafanyakazi wanaoona kutengewa nafasi ni upendeleo, kwamba mwenzao kaingia kwa asili yake. Hoja hii ya mwisho naiona dhaifu kwa sababu inadhani hapo awali kila mtu aliingia kwa ustadi tu, wakati ajira za migodini, kama za kokote, zimepita kwa miaka mingi kwenye mikono ya shemeji na marafiki. Lakini hoja ya muda ni nzito. Mgodi unaoanza kuwafundisha vijana siku unapofunguliwa umeshachelewa, na hakuna nia njema itakayofidia miaka hiyo.

Yupo na mwenyeji asilia ambaye hataki kabisa kukaa mgodini mwaka mzima. Anataka fedha za kununua pikipiki ya theluji, petroli na risasi, kisha arudi porini na wanawe. Kwenye hesabu za kampuni huyu anaandikwa kama hasara, mtu aliyeshindwa kubakizwa. Kwake yeye kazi imetimiza lengo. Sioni kwa nini kipimo cha kampuni kiwe ndicho pekee kinachohesabika.

Kuna takwimu moja ambayo kila nikiifikiria naona inabomoa maelezo mepesi. Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada lenye serikali yake, ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1999, baada ya makubaliano ya ardhi ya 1993. Wainuit ni kama asilimia 85 ya wakazi wake. Kifungu cha 23 cha makubaliano kinataka Wainuit washike kazi za serikali kwa kiwango kinacholingana na idadi yao. Huko Mwinuit hawezi kuitwa kundi dogo. Ni mwenye nchi, mpiga kura, mara nyingi na waziri. Hata hivyo sehemu ya Wainuit katika utumishi wa serikali imeganda kwa miaka mingi kwenye nusu, asilimia 50 hivi, na kadiri unavyopanda ngazi za kitaalamu ndivyo wanavyopungua.

Asilimia 85 na 50. Pengo hilo huwezi kulieleza kwa umbali, kwa kuwa ofisi ziko vijijini mwao. Sheria haikukosekana, wala tatizo haliwezi kuwa nia ya mwajiri peke yake, kwa kuwa mwajiri ni serikali waliyoichagua. Jaji wa zamani Thomas Berger alipotumwa kuchunguza aliandika mwaka 2006 kwamba mzizi uko shuleni: watoto wanaanza kwa Kiinuktitut, kisha wanahamishiwa Kiingereza kabla lugha yao haijakomaa, na robo tatu hawamalizi sekondari. Alipendekeza elimu ya lugha mbili mpaka mwisho wa masomo. Mwaka 2015 serikali kuu ilimaliza kesi iliyofunguliwa na shirika la Wainuit kwa kulipa dola milioni 255.5, sehemu kubwa ikiwa ya mafunzo. Fedha zimekuja. Lakini fedha za mafunzo zinamkuta mtu akiwa na miaka 25. Shule ilimpoteza akiwa na 15. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kuona darasa zima likinyamaza kidato cha kwanza, siku somo lilipogeuka Kiingereza, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana semina ya nusu siku ya utamaduni kwa mameneja, hata ikifanywa kwa moyo, hainitoshi. Ninachokiheshimu ni pale kazi yenyewe inapokubali kupinda. Migodi ya urani ya kaskazini mwa Saskatchewan iliingia katika utaratibu wa wiki kazini na wiki nyumbani miongo mingi iliyopita, ndege ikipita kuwachukua watu karibu na kwao. Huko huko, Northern Resource Trucking, kampuni ya malori inayobeba mizigo ya migodi, iko kwa sehemu kubwa mikononi mwa jamii za wenyeji wenyewe. Huko Labrador, pwani ya mashariki, katika mgodi wa nikeli wa Voisey's Bay, Wainuit walijadiliana hata na meli: haipiti wakati barafu inaanza kushikana wala majira ya kuchipua wanaposafiri kuwinda, na inapopita katikati ya baridi, madaraja yanayoelea huwekwa juu ya njia yake ili pikipiki za theluji zivuke. Mzigo wa nikeli umesubiri wawindaji. Kwa hiyo nikiambiwa ratiba ya mgodi haiguswi, nauliza nani aliwahi kukaa mezani akaomba iguswe. Asiyekuwapo na lake halipo.

Uaminifu wa kazi nao una pande mbili. Bei ya urani ilianguka baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, na mwaka 2018 mgodi wa McArthur River ukasimamishwa, mamia wakapunguzwa, wakiwamo watu wa kaskazini waliokuwa wamekaa miaka yote waliyoombwa kukaa. Ulirudi kufanya kazi mwaka 2022. Fundi aliyehamia fani nyingine katika miaka hiyo minne anahesabiwaje? Katika migodi ya almasi ya Northwest Territories kuna jambo jingine: Diavik, ulioanza kuchimba 2003, ulilenga asilimia 66 ya wafanyakazi wawe wa kaskazini, na kwa miaka mingi haukufika. Ndege za wafanyakazi zilipokuwa zikiondokea pia Edmonton, ambako nyumba na chakula ni nafuu, mtu wa kaskazini aliyepata mshahara mzuri aliweza kuhamisha familia kusini na kubaki kazini. Kampuni imembakiza. Kijiji kimempoteza.

Haya si ya Kanada peke yake. Oktoba 2013 kazi za mafuta huko Turkana zilisimama baada ya wenyeji kuvamia maeneo ya uchimbaji wakidai ajira na zabuni. Mwendeshaji alikuwa Tullow, na mbia wake Africa Oil, kampuni iliyokuwa na makao Vancouver, Kanada. Kazi nyingi zilizowafikia Waturkana zilikuwa ulinzi na vibarua vya muda. Walipolalamika, walijibiwa kwa maneno yaleyale ya Alberta: hawana vyeti.

Ontario sasa inasukuma uchimbaji wa eneo linaloitwa Ring of Fire, kama kilomita 500 kaskazini-mashariki mwa Thunder Bay. Jamii za Webequie na Marten Falls zimeongoza tathmini za barabara za kufika huko. Nyingine zinapinga, ikiwamo Neskantaga, ambako watu wameambiwa wachemshe maji ya kunywa tangu 1995. Ahadi za ajira zimeanza kutangazwa. Katika mikataba itakayosainiwa nitaangalia mambo matatu kabla ya kusoma idadi ya kazi: mafunzo ya mafundi yanaanza miaka mingapi kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa, nani ana mamlaka ya kutoa ruhusa majira ya bata bukini yanapofika, na mfanyakazi wa huko atalipwa nini siku bei ya madini itakapoanguka.