Zege la Zamani Lina Kazi Mtaroni

Nimeudhika. Kando ya mtaro wa bomba la maji kulikuwa na rundo la zege lililobomolewa. Likapakiwa kwenye lori, likaenda kutupwa. Lori jingine likaleta mchanga wa mto wa kufukia mtaro uleule. Nikamuuliza msimamizi sababu, akanijibu: "Hatufukii bomba kwa takataka."

Jamani, bomba la plastiki halibebi mzigo peke yake. Udongo wa juu ukililemea, hubonyea na kutanuka ubavuni, na kinacholizuia ni kifusi, yaani kile kinachofukiwa mtaroni, kilichoshindiliwa kulia na kushoto kwake. Kikilegea, bomba hugeuka umbo la yai. Wahandisi wengi hawaruhusu libonyee zaidi ya asilimia 5 ya kipenyo chake. Zege lililosagwa na kuchekechwa vizuri lina chembe zenye kona, zinashikana na kutulia.

Sasa tazama kazi inavyofanyika. Kifusi kinamwagwa chote kwa mkupuo mmoja, kisha kinakanyagwa kwa buti. Ingiza mkono chini ya tumbo la bomba: unapita bila kugusa kitu. Uwazi ule hauzibwi na mchanga, uwe safi namna gani. Inatakiwa kumwaga tabaka la sentimita 15 hadi 30, kulisukumia chini ya bomba kwa koleo, kushindilia pande zote mbili kwa usawa, ndipo lifuate jingine. Hayo hayafanyiki, na bomba likipasuka lawama inaangukia kifusi.

Haya, si kila kifusi kinafaa. Kipande cha nondo hutoboa plastiki, jasi, ile ya dari na plasta, ina chumvi iitwayo salfeti inayokula mabomba ya zege, na maji yanayochuja kwenye zege lililosagwa hubeba chokaa inayoweza kuziba mabomba ya kutolea maji ardhini. Basi sumaku ipite kunasa vyuma, kichekechwe, kipimwe. Hata kioo kilichosagwa kikawa laini kama mchanga kinafaa.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mito inachimbwa hadi kingo zinaporomoka, nasi tunautupa mchanga huo mtaroni.

Nyinyi mnaoandika zabuni, acheni kutaja "mchanga wa mto". Andikeni ukubwa wa chembe, kiwango cha uchafu na kiwango cha kushindilia, kisha mkandarasi alete chochote kinachofaulu vipimo hivyo.