Michoro ya Mfangano: barabara isifike mwambani

Kutoka Mbita hadi kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, ni safari ya boti, na ukishashuka kuna kilima cha kupanda ndipo ufike Kwitone, kwenye mwamba wenye michoro ya kale: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Kazi hiyo huhusishwa na Watwa, wawindaji walioishi pande hizi kabla ya Wasuba, wenyeji wa kisiwa leo. Kila nikiisimulia safari hiyo hapa Mwanza, naulizwa jambo lile lile: mbona hawatengenezi barabara mpaka juu, wageni wakajaa?

Wanaouliza wana hoja nzito. Sangara si wa kutegemewa kama zamani, na mgeni mmoja humwachia mwenye boti nauli, mama ntilie akauza sato na ugali, na kijana anayetembeza wageni akapata chake. Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Kisuba kinamezwa na Kijaluo, na mtoto akiona watu wanavuka ziwa kuja kumsikiliza babu yake, huenda naye akakaa kitako kusikiliza.

Ila niliona jambo pale juu ambalo halijanitoka. Mmoja wa wenzetu alifungua chupa ya maji, akataka kuumwagia mwamba ili rangi ing'ae kwenye picha. Kijana aliyetuongoza akamdaka mkono. Yule mwenzetu hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye jiwe, nayo ikikauka huacha ukoko mweupe juu ya mchoro. Hakuna wa kuurudishia rangi.

Hapo ndipo mifano ya kwingine inapotupotosha. Huko California, jangwani karibu na Niland, Leonard Knight alianza mwaka 1984 kujenga kilima cha udongo na nyasi kavu, akakipaka rangi kali hadi kikajulikana duniani kwa jina la Salvation Mountain. Wageni walimletea makopo ya rangi, naye akayatumia. Alifariki mwaka 2014, na kilima kile bado kinahitaji mikono ya kukipaka upya. Kile hufanana na mitumbwi yetu: rangi ikichubuka, fundi huipandisha nchi kavu, akaipiga brashi, jina na maua vikarudi vikiwa vipya. Sanaa ya namna hiyo hufaidika na wageni wengi. Ya Kwitone, hata kiganja chenye jasho huidhuru.

Kwa hiyo barabara ya kufika mwambani naipinga. Kile kilima kinachotuchosha magoti ndicho kimekuwa ua wa michoro ile miaka yote. Anayekuja kuandika jina lake ukutani mara nyingi hukata tamaa njiani. Fedha ziende kwenye gati, kwenye boti salama, kwenye vyoo, na kwenye mishahara ya watembeza wageni ambao ni wana wa kisiwa. Najua mzee asiyeweza kupanda atakosa, na hilo linaniuma kweli.

Tena wenyeji wanapahusisha mahali pale na mvua na matambiko. Basi wao ndio wapange bei na idadi ya watu kwa siku, na siku wakisema leo hakuna kupanda, boti igeuze irudi Mbita.