Wimbo Umeanza, Jamaa Akapeleka Mbele

Juzi nilikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu. Picha la N. T. Rama Rao Jr., limetafsiriwa, limenoga. Wimbo ukaanza, mwenye rimoti akapeleka mbele. "Hawa Wahindi na nyimbo zao, wanatumalizia umeme tu."

Kwanza lile ni picha la Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, si la Kihindi. Tuyaache hayo.

Kilichonichoma ni yule aliyekesha akiandika maneno ya wimbo. Steringi tunamjua hadi mtindo wa nywele. Mwandishi wa mashairi je? Naatu Naatu, wimbo wa picha la RRR, ilipochukua Oscar Machi 2023, Keeravani aliyetunga muziki aliongea, akaimba kabisa. Chandrabose, mwenye maneno, aliambulia "Namaste". Neno moja! Mtu wa maneno!

Ndiyo maana namhusudu marehemu M. S. Reddy, mwandishi wa nyimbo za picha za Kitelugu, mzee wa Nellore huko kusini mwa India, aliyefariki Desemba 2011. Yeye hakumbembeleza produza yeyote amwachie nafasi ya ubeti, maana produza alikuwa mwenyewe. Kwenye hela anaitwa M. S. Reddy, kwenye mashairi anaitwa Mallemala, na ile M ndiyo hiyohiyo Mallemala. Utadhani ni watu wawili, mmoja anabana senti, mwenzake anaongeza beti.

Haya, nakubali kuna kasoro, ila kwa shingo upande: nani atamwambia bosi kwamba ubeti wake mbovu, na mshahara anautaka?

Lakini hebu litazameni Ramayanam la 1997, lililoongozwa na Gunasekhar. Kisa kitakatifu cha Wahindu, kila mtu kwao anakijua tangu utotoni, na waigizaji wote ni watoto. Rama, steringi wa kisa, mtoto. Ravana, jitu lile la kutisha, naye mtoto! Mhasibu gani angeipitisha bajeti hiyo? Reddy alitoa hela, akaandika na nyimbo. Likapata Tuzo ya Taifa ya India ya filamu bora ya watoto. Mwanawe, Shyam Prasad Reddy, naye produza, alikuja na picha la Arundhati mwaka 2009, nalo lilitikisa, lakini mimi nabaki na mzee.

Na yule mtoto aliyekuwa Rama? Ndiye N. T. Rama Rao Jr., huyuhuyu aliyetujaza kwenye mabenchi juzi.

Nilimweleza haya yote mwenye rimoti, jasho likinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, linalofuata ni mia tano. Unabaki au unatoka?"

Nilibaki.